Muulize Bwana Samaki: Papa wachanga wa mlangoni

Mwezi huu barua karibu zote ni za papa. Ya kwanza ilikuwa kurasa nne, nimeipunguza, mwenyewe anisamehe.

Shikamoo Bwana Samaki. Mimi ni mvuvi wa mshipi, natokea upande wa Kilwa. Mbele ya kijiji chetu kuna mlango unaopita kati ya miamba miwili, maji yakikupwa kina chake hakizidi pima nne. Kila mwaka, kuanzia vuli hadi kaskazi inapokaza, ndoana zetu zinanasa papa wachanga, urefu dhiraa na kidogo, ncha za mapezi yao nyeusi kama zilizochovywa wino. Miezi mingine hatuwaoni ila kwa nadra. Alikuja kijana wa chuo akatuambia hapo ni "makulia ya papa", yaani mahali papa wachanga wanapokulia, akapiga picha, akaondoka. Sasa wenzetu wa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, wanataka mlango ufungwe miezi mitatu kama tunavyofunga miamba ya pweza, na wenye majarife hawataki hata kusikia. Nauliza: mtu anajuaje kuwa mahali ni makulia kweli, na siyo papa wanapita tu? Na kwa nini wakae mlangoni?

Marahaba mwanangu. Umeniuliza jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea miaka miwili mizima, huku nalipwa mshahara.

Nilipotoka chuo cha uvuvi cha Mbegani nilipangiwa diko moja, mahali wavuvi wanapotua na samaki, huko kusini. Nilikuwa na rula, daftari na kiburi. Kila papa mdogo aliyepita mbele yangu nilimwandika "papa mfupi", nikiamini ni aina yake, kwamba hata akizeeka hazidi hapo. Asubuhi moja mzee mmoja mwenye ngalawa alikuwa ananitazama nikiandika, akacheka. Papa mwenyewe alikuwa bado hai, anatapatapa ndani ya ngama, yale maji yanayotuama chini ya chombo. Mzee akamshika kwa mikono miwili, akamgeuza chali ndani ya yale maji. Papa akatulia tuli, kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Kisha mzee akaweka kidole tumboni, katikati ya mapezi mawili ya kifuani. Palikuwa na mpasuko mdogo, mwekundu pembezoni, haufiki urefu wa ukucha wangu. "Unakijua hiki?" Sikukijua. "Kitovu hiki. Huyu kazaliwa juzi, na wewe unamwandika mzee."

Nilifuta kurasa nyingi siku ile.

Papa wako wa ncha nyeusi hatagi mayai. Mama hubeba mimba, na kila mtoto ameungana naye kwa uzi unaoingia kwenye kondo, karibu kama sisi. Akizaliwa uzi unakatika, na tundu linabaki wazi kwa muda, halafu linafunga baada ya wiki kadhaa na kuacha mstari mwembamba, mwishowe hata mstari unapotea. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya picha na maneno ya kizungu, ni kumgeuza papa chali na kutazama. Kitovu kikiwa wazi, mama hakuzalia mbali.

Lakini kitovu kimoja hakifanyi makulia. Zamani kila aliyeona papa wawili wadogo mahali alitangaza makulia, mpaka mwaka 2007 wataalamu watatu wa papa, Michelle Heupel, John Carlson na Colin Simpfendorfer, wakaweka maswali matatu. Je, wachanga wanapatikana hapo zaidi kuliko sehemu nyingine? Je, wanakaa hapo, au wanaondoka na kurudi, kwa muda mrefu? Je, mahali hapo panatumika hivyo mwaka baada ya mwaka? Yote matatu yakijibiwa ndiyo, hapo una makulia. Mawili hayatoshi.

Ukiniruhusu nisahihishe mtihani wako: swali la tatu umelijibu kwa mdomo, unasema kila mwaka. La pili umelijibu nusu, maana hujui kama papa wa Novemba ndiye yule yule wa Januari au ni mwingine. La kwanza hujaligusa kabisa, kwa sababu wewe unavua mlangoni tu! Ukitega mlangoni siku zote, lazima papa wote utakaowaona wawe wa mlangoni. Hapo ndipo wenye majarife watakubana kwenye mkutano, na watakuwa na haki.

Fanya hivi. Watu wawili, ndoana sawa, chambo kile kile, saa zile zile: mmoja mlangoni, mwenzake nje ya mwamba au kwenye mwamba wa jirani. Kila bamvua, yaani kila maji makubwa, mbadilishane, ili mtu asiseme fulani ana mkono wa bahati. Mtakachokiandika ni kidogo tu: tarehe, maji yanatoka au yanaingia, muda ndoana ilikaa majini, urefu wa papa kutoka pua hadi ncha ya mkia (uzi wenye vifundo unatosha), na kitovu, wazi au kimefunga. Andikeni hata siku mliyokosa. Hasa siku mliyokosa. Mimi nimeona madaftari mengi ya wavuvi ambayo kila siku ni ya neema, na hayo hayamsaidii mtu.

Kuhusu kwa nini mlangoni: watu wengi watakuambia ni chakula, wanafuata dagaa. Dagaa wana sehemu yao, lakini papa mchanga adui yake mkubwa ni papa mkubwa, hata wa jamii yake. Mtoto wa dhiraa moja anahitaji kwanza mahali ambapo mkubwa hapenyi. Njaa anaweza kuivumilia kidogo, maana amezaliwa na akiba: ini lake ni kubwa ukililinganisha na umbo lake, limejaa mafuta aliyopewa na mama. Wiki za mwanzo wengi wao hukonda, wakila ile akiba huku wanajifunza kuwinda. Ukimpasua mmoja mwenye kitovu wazi ukakuta tumbo tupu, usishangae.

Pwani yetu, bamvua linapanda na kushuka hadi kama mita nne. Maji yakijaa, watoto hawa hupanda juu ya mwamba, wakavuka nyasi za bahari, wakaingia hata kwenye mizizi ya mikoko, maji ya magoti. Mkubwa akiwafuata huko atakwama. Maji yakikupwa, pale juu panabaki pakavu, na wote lazima washuke mahali penye maji. Hapo ndipo mlango wako unapoingia. Kama nyumba yao ni ule mwamba na ile mikoko, mlango ni ukumbi: kila mtu wa nyumba hupita hapo mara mbili kutoka na mara mbili kuingia kwa siku. Jarife likitandwa kukata mlango wakati maji yanatoka, linakusanya watoto wa eneo zima kwa saa mbili.

Nakuonya usichukue habari za kisiwa kingine ukaziweka Kilwa kama zilivyo. Papa hawa hawa wa ncha nyeusi wamechunguzwa sana Moorea, kisiwa jirani ya Tahiti, ambako kuna kituo cha utafiti tangu 1971. Kisiwa chote kimezungukwa na matumbawe yenye milango. Lakini bahari yao haipandi wala kushuka ila shibiri moja na kidogo, na ajabu yake, maji hujaa karibu na saa sita ya mchana na saa sita ya usiku siku zote, hayafuati mwezi kama yetu. Huko watoto wa papa wanakaa ufukweni kutwa, hawana safari za kupanda na kushuka. Wa karibu zaidi na sisi ni St Joseph, kisiwa cha matumbawe katika kundi la Amirantes, Ushelisheli. Maji yakikupwa, mwamba wake unaanika na dimbwi la ndani linajitenga na bahari. Humo wanakulia papa wa ncha nyeusi pamoja na yule wa rangi ya manjano-kahawia ambaye mapezi yake mawili ya mgongoni yanakaribia kulingana. Huyo naye tazameni, huenda mnamchanganya na wengine.

Sasa hoja ya BMU. Kufunga miamba ya pweza tumejifunza kwa majirani; Andavadoaka kule Madagaska walianza mwaka 2004, nasi tunafanya Pemba, Mafia na huko kwenu. Inalipa haraka kwa sababu pweza anaishi kama mwaka hivi na anaongezeka uzito upesi mno. Ukimwachia miezi mitatu, siku ya kufungua unamwona kwenye mizani. Papa hatawaonyesha kitu siku ya kufungua. Kijiji kikifunga mlango kwa matumaini ya kuvuna papa mwezi wa nne, kitavunjika moyo, na mwaka ujao hakuna atakayekubali kufunga chochote, hata pweza. Mimi ningeomba kitu kidogo zaidi: jarife lisikate mlango miezi ile mnayoona vitovu vilivyo wazi, basi. Mshipi uendelee. Papa mchanga akinasa kwenye mshipi, mfungue akiwa ubavuni mwa chombo, ndani ya maji, usimning'inize kwa mkia. Hilo hata mwenye jarife anaweza kulijadili bila kutukanana.

Niandikie tena kaskazi ikiisha, na ulete daftari.

Bwana Samaki, mimi ni mama mchuuzi, niko Tanga. Papa mdogo anaiva haraka, nyama laini, harufu yake si kali, wateja wanamgombania. Mbona mnatutia hofu na habari za watoto wa papa? Changu mdogo tunauza, dagaa ndio usiseme. Papa mdogo amekosa nini?

Mama, nianze na yale uliyo na haki nayo. Papa mkubwa mwenye umri hujikusanyia zebaki mwilini mwaka hadi mwaka kutokana na samaki anaowala, mdogo bado hajakusanya. Kwa afya ya mlaji, mdogo ni bora. Watu wa hifadhi hawapendi nikilisema hili, lakini ndivyo lilivyo.

Harufu, hapo tunatofautiana kidogo. Papa hamwagi urea yake yote kwa mkojo kama ng'ombe wetu. Urea anaibakiza mwilini makusudi, kwenye damu na nyama, ili chumvi ya bahari isimnyonye maji. Akifa, vijidudu vinaigeuza kuwa amonia, na ndiyo ile inayokuchoma pua. Kwa hiyo hesabu saa tangu afe, na kama alitolewa damu na kuwekwa barafu mapema. Papa mkubwa aliyepasuliwa majini asubuhi hatanuka kama mdogo aliyelala juani tangu alfajiri. Wazee wetu walilijua bila kusoma kemia: ndiyo maana papa wakampiga chumvi, wakamwanika, na mpishi wa papa mkavu humroweka na kumwaga maji mara mbili kabla tui la nazi halijamkaribia.

Amekosa nini? Amekosa ndugu. Changu jike hutoa mayai maelfu kwa maelfu, na bahari imezoea kuyala mengi. Papa wa ncha nyeusi huchukua mimba miezi kumi au zaidi, akazaa wawili, watatu, wakizidi sana watano. Beseni lako likiwa na watoto ishirini, mbele yako umeweka uzazi wa mama watano, sita, saba, wa mwaka mzima. Hesabu hiyo naifanya kila nikipita sokoni, na mke wangu amenikataza kuisema kwa sauti.

Jambo moja la biashara: mwaka 2022, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama, jamii nzima ya papa hawa iliingizwa katika orodha ya wanyama ambao kuwavusha mpaka kunahitaji kibali. Papa wako mkavu akivushwa Horohoro kwenda Mombasa, karatasi zinahusika. Ulizia ofisi ya uvuvi kabla mzigo haujaondoka, usisubiri kuulizwa wewe.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Chake Chake. Je, mama papa huwalea watoto wake? Na wakishakua, huwa wanarudi walikozaliwa kama kasa?

Kulea, hapana. Akishazaa anaondoka, na watoto hawamjui. Malezi yake yote yamo katika mambo mawili: lile ini nililolitaja juu, na kuchagua mahali pa kuzalia. Katika hilo la pili baadhi yao hawana mchezo. Moorea, wachunguzi waliolinganisha vinasaba vya watoto na vya majike waliokwisha kuwajua waligundua kuwa kuna mama wanaosafiri hadi kilomita 50, kuvuka bahari ya kina kirefu, ili wakazalie kisiwa kingine, Tetiaroa.

Swali lako la kurudi lilichukua miaka mingi kujibiwa, na jibu lilipatikana Bimini, visiwa vidogo vya Bahama. Mmarekani Samuel Gruber, aliyefariki mwaka 2019, alianzisha kituo huko mwaka 1990 kuchunguza papa wa limau, ambaye ni ndugu wa yule wa manjano-kahawia wa Ushelisheli. Kila mwaka walitega nyavu usiku kwenye maji ya kina kifupi kando ya mikoko, wakakamata watoto, wakawatia chini ya ngozi kitambulisho kidogo kama punje ya mchele, wakachukua kipande kidogo cha pezi kwa ajili ya vinasaba, wakawaachia. Mama papa wa limau huzaa kila baada ya miaka miwili, watoto wanne hadi kumi na wanane, na jike humchukua kama miaka kumi na miwili kukomaa. Kwa hiyo ilibidi wasubiri. Wanafunzi waliokuwa wanashika tochi mwanzoni walipata mvi.

Uzuri wa kazi yenyewe ni kwamba mama hakuhitaji kukamatwa. Watoto wapya wakipatikana, vinasaba vyao vinamtaja mama. Matokeo yaliyoongozwa na Kevin Feldheim yalionyesha kwamba majike wasiopungua sita, waliozaliwa Bimini kati ya 1993 na 1997, walirudi kuzalia pale pale baada ya miaka 14 hadi 17. Sisi tunasema mtu kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule mzee wa ngalawa. Alikwisha kufariki, sikuwa na wa kumsimulia.

Kwa mtihani wako wa biolojia, kumbuka pia upande wa pili wa Bimini. Palichimbwa na mikoko ikakatwa ili pajengwe hoteli. Baada ya uchimbaji wa Machi 2001, uwezekano wa mtoto wa papa kumaliza mwaka wake wa kwanza ulishuka kwa asilimia 23.5, na nyasi za bahari zilipungua. Mama aliyezaliwa hapo mwaka 1995 hana habari za hoteli. Anarudi tu. Bahama ilikuwa imekwisha kupiga marufuku uvuvi wa kamba ndefu zenye ndoana nyingi mwaka 1993, na mwaka 2011 ikazuia kabisa uvuvi wa papa wa kibiashara, lakini hakuna sheria ya uvuvi inayorudisha mkoko uliokwisha ng'olewa.

Papa mchanga anang'ata?

(Barua haina jina wala mahali. Mwandiko ni wa mtoto.)

Anang'ata. Anazaliwa na meno yote, yamepangwa safu kwa safu, na anaweza kujikunja mpaka mdomo ukafika kwenye mkia wake mwenyewe, kwa hiyo ukimshika mkia, mkono wako haupo salama. Kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia kina alama mbili za nukta hadi leo. Ilikuwa wiki moja tu baada ya somo la kitovu: nilitaka kumwonyesha mkubwa wangu wa kazi aliyekuja kukagua diko jinsi papa anavyogeuzwa chali. Nilimgeuza upande usio wenyewe.